Orodha ya Waliokwenda Mkonge

Barua ya mdogo wangu ilinifikia siku ya gulio, mkononi mwa muuza mitumba aliyetoka upande wa Kigonsera. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kubanwa kwa pini. Mdogo wangu alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, na hakuwa na ruhusa ya kutoka mpaka likizo. Aliandika hivi:

"Dada, shikamoo. Mwalimu wa Historia ametupa kazi. Hataki tunakili kitabu. Anataka chanzo cha kwanza, maana yake karatasi iliyoandikwa wakati ule ule na mtu aliyekuwepo. Mimi nimechagua watu wa kwetu waliokwenda kukata mkonge. Mwalimu ameandika ubaoni anwani ya maktaba moja ya Ulaya iliyoweka karatasi za zamani kwenye intaneti. Nimeinakili hapa chini, usikosee hata nukta. Wewe uko karibu na mashine. Nisaidie nisiwe wa mwisho."

Ni kweli nilikuwa karibu na mashine. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikapata kazi Mbinga mjini kwenye duka la madaftari. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipokuwa wameshazoeleka, na kila aliyebaki na kitu baada ya msimu alifungua biashara: huyu mashine ya kusaga, yule banda la video. Bosi wangu aliweka kompyuta nne chumba cha nyuma, akasimika sahani kubwa juu ya bati na jenereta uani, kisha akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: INTANETI. Mimi nilifagia, niliuza kalamu, na niliwaandikia watu saa walizoingia na kutoka. Nilikuwa mtu wa kuona haya, na mteja akiniuliza swali mara mbili nilisahau hata jina langu. Kuandika kwenyewe niliandika polepole, herufi moja moja, ndiyo maana bosi aliniita Kobe.

Jumatano mchana, wateja walipopungua, nilimwonyesha barua. Akaisoma akicheka.

"Haya Kobe, leo na wewe ni mteja. Kaa."

Niliandika ile anwani kwa kidole kimoja. Ukurasa ulipofunguka ulikuwa na kisanduku cha kutafutia. Nikaandika Mbinga, nikangoja. Hakikuja kitu.

"Mbinga ilikuwa wapi siku hizo?" bosi alisema nyuma yangu. "Sisi wote tulihesabiwa Songea. Andika Songea."

Nikaandika Songea. Yakaja mambo mengi mno: picha za makanisa, barua za mapadri, ramani.

"Ongeza mkonge."

"Kwa Kiingereza?"

"Sasa ulitaka bwana shauri awe ameandika Kimatengo? Kiingereza, mama. Kamusi si unaziuza mwenyewe?"

Nikachukua kamusi rafuni, nikatafuta neno, nikaliongeza. Safari hii zilikuja karatasi chache. Nikafungua ya kwanza na haikuhusu kwetu. Ya pili nayo haikuhusu kwetu. Ya tatu ilikuwa picha ya karatasi iliyopigwa taipu, na ilianza kushuka kidogo kidogo kutoka juu, kama mtu anayeshusha pazia huku anasitasita. Kwanza ulionekana mhuri. Halafu mstari wa maneno. Halafu jina la kilima chetu.

Nilifurahi, nikageuka kumwita bosi, lakini alikuwa ametoka kwenda kutia mafuta kwenye jenereta. Nilipogeuka tena, mstari uliofuata ulikuwa umeshuka. Ulisema nani aliwaleta watu hawa kwa wakala wa mashamba ya mkonge. Lilikuwa jina la babu.

Nililisoma mara tatu, nikiweka kidole kwenye kioo. Hapakuwa na mtu mwingine wa jina lile kilimani. Kwetu mjukuu hurithi jina la babu yake, na jina la babu alikuwa nalo mdogo wangu, huyu huyu aliyenituma. Kama karatasi ile ingesomwa darasani, angetaja jina lake mwenyewe.

Nyumbani tulikuwa tumeambiwa habari nyingine. Babu, aliyekufa nikiwa darasa la tatu, alikuwa akitusimulia jinsi alivyojificha siku nzima pangoni wasimwone watu wa mkonge. Tulipenda hadithi ile. Tulimwomba aigize alivyozuia kikohozi kwa kuziba mdomo na majani.

Pazia likaendelea kushuka. Yalitokea majina ya wanaume, na mbele ya kila jina alama nyeusi ya dole gumba. Pembeni yake kulikuwa na safu ya maneno mafupi, kila moja na mwaka wake. Kwa wengi liliandikwa neno moja, nikalipata kwenye kamusi: amerudi. Kwa wachache liliandikwa jingine ambalo sikuhitaji kamusi, kwani tulifundishwa darasa la tano katika habari ya mbwa aliyegongwa na gari: amekufa. Na baada ya neno hilo palikuwa na sentensi fupi, ile ile kwa wote. Niliitafuta neno kwa neno. Ilisema kwamba taarifa imepelekwa kwa aliyewaleta.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi jirani.

Shamba lake na letu yametenganishwa na kijito. Mume wake alikwenda mkonge wakiwa na mtoto mmoja tu, wa kike, akapotea. Babu ndiye aliyekuwa akimletea habari zake. Alimwambia kwamba mtu mmoja wa Lipingo, chini ziwani, amemwona mumewe ng'ambo, upande wa Nyasaland, na ana mke mwingine. Bibi aliteremka mpaka Lipingo kwa miguu kuulizia, mtoto mgongoni, akarudi bila kitu. Hakuolewa tena. Kutoka shamba lake la juu, siku isiyo na ukungu, ziwa linaonekana kama bati jipya, na alipokuwa akipumzika kwenye jembe alikuwa akitazama huko. Sisi watoto tulipomuuliza babu mume wa jirani yuko wapi, alicheka na kusema, "Alikwenda kununua chumvi ng'ambo. Foleni ndefu."

Nikaanza kumtafuta kwenye orodha, na hapo nilifanya kosa. Wanawake wa umri wa bibi kwetu hawatamki jina la mume. Alimwita "mwenye nyumba", na kilima kizima kilimwita baba wa fulani, kwa jina la yule binti yao. Jina lake hasa sikuwahi kulisikia. Nilipita majina yote nikitafuta lile la binti, sikuliona, nikajiambia: hayumo. Nilishusha pumzi kana kwamba nimeona ushahidi, kumbe sikuwa na hata kitu cha kutafuta.

Nilichapa kurasa zote mbili. Karatasi zilipotoka kwenye printa nilizificha ndani ya kanga. Kisha nikafuta kila nilichokiona kwenye kompyuta.

Bosi alirudi akifuta mikono. "Mbona umefunga? Hukupata?"

"Nimepata. Nimefuta."

"Umefuta nini?"

"Ile karatasi. Isionwe na watu."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kobe! Ulichofuta ni kivuli. Karatasi iko Ulaya. Hata sasa hivi mtu wa Bombay anaweza kuifungua huku anakunywa chai."

Sikujali mtu wa Bombay. Nilijali watu wa kilima chetu.

Nao hawakukawia. Ijumaa aliingia kijana mmoja ninayemfahamu kwa sura, wa upande wa pili wa kilima, ambaye mdogo wake yuko darasa moja na wangu. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa. Nilijua kilichoandikwa kabla hajaikunjua.

"Dada, mambo? Nimetumwa na mwanafunzi wetu. Kuna anwani hapa."

"Mtandao umekufa," nilisema. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa mteja, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Alitazama mtu wa kompyuta ya mwisho aliyekuwa akisoma habari za mpira. "Na yule?"

"Yule anamalizia."

"Haya. Nitarudi Jumatatu. Mwambie bosi wako amwite daktari."

Usiku ule sikulala vizuri, wala sikuhitaji giza ili niogope, kwani hata asubuhi niliogopa vile vile. Jumanne ilikuwa zamu yetu ya kulimiwa. Kwetu ngolo, yaani mashimo ya mteremkoni, huwezi kuzilima peke yako. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba mteremkoni, kisha wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kufunika nyasi kwa udongo, mpaka kilima kinakuwa mashimo matupu yanayoshika maji ya mvua. Leo wanakuja kwako, kesho kutwa unakwenda kwao. Mama yangu alikuwa mjane, na bila zamu ile maharage yetu yasingeingia ardhini mwezi huo wa tatu. Aliyekuwa akiwapanga wanawake, nani aanze juu na nani chini, alikuwa bibi jirani. Kama angeisikia habari ile Jumatatu jioni kutoka kwa mtu wa upande wa pili, Jumanne asingekuja. Na asipokuja yeye, hakuna jembe lingepanda kwetu, Jumanne ile wala mwaka uliofuata.

Jumamosi niliomba ruhusa, nikapanda nyumbani. Sikumwambia mama. Nilipita kando ya nyumba yetu nikavuka kijito.

Bibi alikuwa barazani, ungo mapajani, akichagua mbegu za maharage. Yaliyotobolewa na wadudu aliyatupa kwa kuku.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mtu wa mjini! Umekuja kutuletea mkate?"

"Hapana bibi."

"Hata andazi? Basi huo mji wenu ni wa jina tu. Kaa. Mzee wangu hajambo huko shule?"

Mzee wangu alikuwa mdogo wangu. Bibi alimwita hivyo tangu alipozaliwa, kwa sababu ya jina la babu.

"Hajambo. Amenituma karatasi," nilisema. "Ya watu waliokwenda mkonge. Wa hapa."

Mkono wake haukusimama. Aliendelea kuchagua, lakini hakutupa kitu tena kwa kuku.

"Majina?"

"Majina bibi. Na madole gumba."

"Soma."

"Bibi, mwenye nyumba wako aliitwa nani? Nitafute."

Alinitazama kana kwamba nimemwomba avue nguo. "Mimi nilitamke? Soma yote. Taratibu."

Nilianza na jina la kwanza la orodha na nikaruka mstari wa juu. Nilisoma kama nilivyosoma darasani, kila silabi peke yake. Majina mengine ya zamani yaliandikwa na Mzungu kwa kubahatisha, ikabidi niyarudie mpaka bibi atikise kichwa kwamba amemjua. "Huyu alirudi, alikufa kwa kifua." "Huyu ni babu yao wale wa kisimani." Nilikuwa naanza kutulia. Ukurasa wa kwanza uliisha. Nikafungua wa pili, nikasoma majina matatu, manne, na bibi akainua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Midomo yake ilisogea bila kutoa sauti.

"Kumeandikwa nini mbele yake?"

Nilijua kabla sijatazama, na macho yangu yalikataa kwenda pembeni. Neno lilikuwa lile la mbwa wa darasa la tano.

"Alikufa, bibi. Mwaka ule ule aliokwenda."

Kuku mmoja alipanda barazani akaanza kula mbegu kwenye ungo. Bibi hakumfukuza, na mimi sikuthubutu.

"Hakwenda ng'ambo?"

"Hapana."

"Wala hana mke Nyasaland?"

"Hapana bibi."

Halafu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya chumvi: "Mzungu akiandika mtu amekufa, hapeleki habari kwao?"

Nilikuwa bado na nafasi. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza na bibi hakujua kusoma hata Kiswahili. Ningeweza kusema haikuandikwa. Nilimfikiria yule kijana wa Jumatatu, nikamfikiria na babu akiziba mdomo kwa majani ili tucheke.

"Ilipelekwa," nilisema. "Kwa aliyewaleta."

"Nani?"

Sikuweza kulitamka. Nilimgeuzia ukurasa wa kwanza na kuweka kidole kwenye mstari wa juu, kana kwamba angeweza kuusoma. Alinitazama usoni badala ya kutazama karatasi, na nadhani aliona jina hapo.

Hakulia. Alimwondoa kuku polepole. Akasema, akiitazama miteremko ya shamba lake, "Kila mwaka alinilazia nyasi zangu kabla ya zake. Kila mwaka, mpaka alipozeeka. Nami nikasema, huyu jirani ana huruma." Baadaye kidogo akasema, "Nilikwenda Lipingo na mtoto mgongoni. Aliniona nikienda. Alinipa mihogo ya njiani."

Nilisema pole bibi, zaidi ya mara moja nadhani. Alininyooshea kidole nionyeshe dole la mwenye nyumba, nikamwonyesha. Lilikuwa doa jeusi lenye mistari, la mviringo kidogo, limeegemea upande mmoja kama mtu aliyebonyeza kwa haraka. Aliweka dole lake juu yake, akaliondoa, akatazama.

"Lilikuwa kubwa hivi," alisema. Kisha: "Likate. Hilo tu. Hayo mengine ondoka nayo."

Alinipa kisu cha jikoni. Nilikata mstari mmoja wa karatasi, kisu kikateleza nikakata pia nusu ya jina la mtu wa chini yake. Akauviringisha na kuufunga kwenye pindo la kanga, mahali pa kufungia hela. Niliaga, naye akarudi kwenye ungo wake.

Nilimweleza mama jioni. Hakunigombeza wala kunisifu. Alitazama mahindi aliyokuwa ameshayakoboa kwa ajili ya ugali wa watu wa Jumanne, akasema, "Basi nipike au nisipike?" Nikasema sijui. Akaendelea kuyatayarisha.

Jumatatu nilirudi mjini asubuhi. Yule kijana alipofika nilimfungulia ukurasa mwenyewe, nikatoka nje nikasimama karibu na jenereta ili nisisikie akishangaa. Nilichapa upya orodha nzima, na mstari wa juu ukiwemo, nikaituma kwa mdogo wangu pamoja na barua. Nilimwandikia: "Umeniomba karatasi ya aliyekuwepo. Ndiyo hii. Isome peke yako kwanza." Baadaye alinijibu kwamba aliisoma mbele ya darasa. Alipofika kwenye jina lake sauti ilimkauka, mwalimu akampa maji akidhani ni mafua.

Jumanne bosi alinipa ruhusa tena, akisema sasa nimekuwa meneja wa ruhusa. Nilifika shambani kumepambazuka. Mama alikuwa amesimama peke yake juu, na nyasi zilikuwa zimeshalazwa tangu jana yake. Tulingoja. Kila sauti ya kijitoni ilinishtua. Jua lilipanda mpaka umande ukakauka, na mama akaanza kuchimba mraba wa kwanza.

Ndipo tukasikia majembe yakigongana njiani. Wanawake walipanda mmoja mmoja, na bibi jirani alikuwa wa mwisho. Hakumsalimia mama. Aliwapanga kwa kunyoosha mkono, wewe juu, wewe pembeni, naye akachukua mstari wa katikati. Alichimba siku nzima. Miraba yake ilikuwa imenyooka kuliko ya wote, kama kawaida. Kazi ilipokwisha watu waliteremka kwetu kula ugali na dagaa wa Nyasa, wakaanza kutaniana kama wanavyotaniana. Bibi alinawa miguu kijitoni, akaweka jembe begani na kuvuka kwenda kwake. Mama alifunika sahani ya bibi kwa sahani nyingine. Ilikaa hivyo hadi asubuhi, tukawapa kuku.

Likizo mdogo wangu alirudi, nikaenda kumpokea. Niliogopa njia ile kuliko yeye, kwa sababu kufika kwetu kutoka upande wa shule lazima upite mbele ya baraza la bibi. Nilimwambia tuzunguke kwa juu. Akakataa, akasema amechoka na sanduku ni zito. Bibi alikuwa ameketi pale pale. Nilitembea nyuma ya mdogo wangu, nikitazama visigino vyake.

"Shikamoo bibi," alisema.

Nilihesabu hatua zilizobaki mpaka kijitoni.

"Marahaba, mjukuu wangu," bibi alisema. "Tua mzigo. Umekula?"

Mdogo wangu aligeuka akanitazama mimi, kisha akatazama njia nyuma yangu, aone bibi anamwita nani. Tangu azaliwe alikuwa Mzee wangu, hakuwahi kuitwa mjukuu na mtu yule. Nikamwashiria kwa kichwa kwamba ni yeye. Akatua sanduku.